Dawa ya Kifafa Haijui Likizo

Kwa miaka mingi tumehimizwa redioni, zahanatini na shuleni tumalize dozi. Ukipewa dawa ya malaria, meza hadi kidonge cha mwisho hata kama homa imeshuka siku ya pili. Ukianzishiwa dawa ya kifua kikuu, vumilia miezi yote 6 wala usiache njiani. Mafundisho hayo ni mema na yameokoa roho nyingi. Walakini yametuachia dhana moja ambayo kwa maradhi ya namna nyingine huweza kuua. Dhana yenyewe ni kwamba dawa ni safari yenye kituo cha mwisho, na kwamba mgonjwa akifika kituoni huwa amepona, hana haja tena ya kumeza chochote.

Kifafa hakimo katika hesabu hiyo. Dawa zake zilizopo leo haziung'oi ugonjwa. Kazi yake ni kuuzuia. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo unaopita kati ya chembe zake, na kifafa hutokea umeme huo unapofumka kwa wingi na bila ya mpango. Dawa huutuliza, kwa muda ule tu ambao dawa imo mwilini. Kwa hivyo mtoto aliyepitisha siku nzima bila ya kuanguka aghalabu anatuambia kwamba dawa ya jana ilimezwa. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba katika nyumba yenye mtoto wa kifafa, siku ya hatari kubwa ni ile ya 200 tangu aanguke mara ya mwisho. Siku aliyoanguka kila mtu huikumbuka dawa. Siku ya 200 mtoto yuko nje anaruka kamba, na mtu mzima mmoja anajisemea moyoni: huyu si amekwisha kupona?

Mimi si daktari wa hospitali. Udaktari wangu ni wa isimu. Nimeingia katika mjadala huu kupitia mlango wa nyumbani. Tunaishi na mpwa wangu hapa Kapsoya, mashariki ya jiji la Eldoret. Amekuwa akimeza dawa asubuhi na jioni tangu alipokuwa na umri wa miaka 6, na sasa ana miaka 10. Katika miaka hiyo 4, kwetu na kwa jirani, nimeona kwamba dawa nyingi zinazokosa kumezwa hazikosi kwa uvivu wala kwa wazazi kukosa mapenzi. Hukosa kwa sababu ya maneno: maneno yaliyoandikwa kwenye bahasha, maneno tuliyorithi, na maneno ambayo hakuna aliyejishughulisha kuyafafanua. Na kwa vile walinzi wa maneno katika jamii yetu ni walimu na wanafunzi, nimeona niwaandikie ninyi.

Tuanze na jina. Wengi huona ndani ya neno kifafa mzizi wa kitenzi kufa, kama tunavyouona katika kifaduro. Anayeanguka huonekana amekufa kidogo, kisha akarudi. Mtoto mchanga akishikwa tunasema ana degedege, na neno hilo linahusishwa na ndege, kwani wazee waliamini kwamba kuna ndege apitaye juu ya mtoto akamdhuru. Jamii za Mijikenda kule Kilifi nazo huita maradhi ya namna hiyo nyuni, yaani ndege vilevile. Siyadharau majina haya. Yanaonyesha jinsi mababu zetu walivyokitazama kitu cha kutisha, wakakitafutia maelezo. Lakini jina huelekeza miguu. Mzazi anayeamini kwamba mwanawe amepitiwa na ndege atakwenda kwa anayejua mambo ya ndege. Na anayeamini kwamba mwanawe hufa na kufufuka hatakiona kidonge kidogo cheupe kuwa kitu cha maana mbele ya mauti.

Haya si mambo ya kubuni. Watafiti wa Kilifi waliochapisha matokeo yao mwaka wa 2012 hawakuridhika na kuwauliza watu wenye kifafa iwapo wanameza dawa. Walipima damu yao waone kama dawa imo. Zaidi ya asilimia 60 hawakuwa na matibabu ipasavyo. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na pengo hilo ni umbali wa kituo cha afya, gharama ya dawa, na mtazamo juu ya matibabu ya hospitali. Kwa mtazamo wangu funzo kubwa liko katika kule kupima damu. Mdomo unaweza kusema ndiyo, kwa heshima au kwa woga, nayo damu ikasema la.

Kwamba dawa ikimezwa kwa utaratibu huleta natija, Afrika Mashariki imelijua jambo hilo kwa zaidi ya miaka 60. Mnamo 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, kusini mwa Tanganyika, miongoni mwa Wapogoro. Watu wenye kifafa huko walitengwa na kuogopwa. Dawa kuu ya kliniki ilikuwa fenobabitoni, ambayo uwezo wake wa kuzuia kifafa uligunduliwa Ujerumani mwaka wa 1912. Ripoti iliyochapishwa mwaka wa 1992 iliwafuatia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo kwa kipindi cha miaka 30. Takriban nusu yao waliacha kabisa kuanguka walipokuwa wakitibiwa, na wengine wengi walipata nafuu. Upande wa pili wa ripoti hiyo unahuzunisha. Wengi walikuwa wamefariki, na vingi vya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: kuungua motoni, kuzama majini, au kushikwa mfululizo bila ya kukatika. Kidonge kilekile, katika milima isiyo na lami, kilikuwa mpaka baina ya kuishi na kufa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila ya kushikwa lau wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Shirika hilohilo linasema kuna dawa ambayo gharama yake yaweza kuwa ndogo kama dola 5 za Marekani kwa mwaka. Sisi wa Eldoret tuna bahati kuliko wengi: hospitali ya rufaa ya Moi iko mwendo mfupi wa matatu kutoka Kapsoya, na tangu mwaka wa 2015 tuna hospitali kubwa ya watoto, Shoe4Africa, katika jiji hilihili. Hata hivyo, kuwa karibu na hospitali hakukitii kidonge kinywani. Kazi hiyo ni ya nyumba, mara mbili kwa siku, siku 365.

Kwa nini mara mbili, na kwa nini kwa saa zilezile? Mfano mwepesi uko juu ya mapaa ya nyumba zetu. Kila mwenye tangi la maji hapa Kapsoya anajua kwamba maji huteka chini yakapungua, na kwamba usipojaza kwa wakati utafungua mfereji usikie upepo. Mwili nao huitoa dawa kila saa. Nusu ya karbamazepini huondoka kwa muda wa takriban nusu siku. Fenobabitoni hukaa siku kadhaa kabla ya nusu yake kuondoka. Kila kidonge hujaza pale kilipopungua. Ukiruka kimoja, kina hushuka. Ukiruka vitatu, tangi hukaribia kuwa tupu. Na ubongo uliozoea dawa ukinyang'anywa ghafla, hasa fenobabitoni, waweza kulipuka kwa kifafa kisichokatika, na hiyo ni hatari ya kifo.

Sasa tazama jinsi tunavyowaandikia watu maagizo. Katika bahasha za dawa husomwa: kidonge 1, kutwa mara 2. Neno kutwa limetokana na kuchwa kwa jua, na maana yake ni mchana, tangu macheo hadi machweo. Usiku una neno lake, kucha. Ndiyo maana tunasema kutwa kucha. Mama anayekijua Kiswahili chake vizuri, akisoma kutwa mara 2, atampa mtoto kidonge saa moja asubuhi na kingine saa kumi jioni, kabla jua halijazama. Ameitii lugha kikamilifu. Lakini amemwacha mtoto saa 15 bila ya kujaziwa tangi, na saa hizo ndizo za usingizi na za kuamka, ambazo baadhi ya aina za kifafa huzipenda mno. Aliyeandika alikusudia kila baada ya saa 12. Basi kwa nini asiandike hivyo?

Mfano mwingine ni wa saa yenyewe. Katika nyumba moja ya jirani zetu, mama hutoka alfajiri kwenda kazini na mtoto hubaki na yaya. Bahasha kutoka duka la dawa iliandikwa tarakimu 8, mara mbili, ya asubuhi na ya usiku, kwa hesabu ya Kiingereza. Yaya alisoma 8 akasema saa nane, kama ambavyo Mswahili yeyote angesema. Akampa mtoto dawa saa nane ya mchana kila siku bila ya kukosa. Ya saa nane ya usiku hakuitoa, kwani mtoto alikuwa amelala na yeye hakupenda kumsumbua. Mtoto akawa anapata nusu ya dawa yake, na kwa juma moja akaanguka mara 3. Mama alikuwa tayari kuamini kwamba dawa imeshindwa, na aende akaombe iliyo kali zaidi. Dawa haikuwa imeshindwa. Tarakimu moja ilikuwa imesomwa kwa lugha mbili. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku: maneno manne tofauti tu, na yote yangekwisha.

Kijiko nacho kina mkanganyo wake. Dawa ya maji hupimwa kwa mililita, na kijiko cha chai kinachotajwa ni cha mililita 5. Fungua kabati la jikoni uvipange vijiko vyako, uone kama viwili vinalingana. Bomba dogo la plastiki lenye alama, lisilo na sindano, ndilo kipimo cha haki. Tena chupa itikiswe kwanza, kwani dawa nyingine hutuama chini, na mtoto akanywa maji matupu wiki ya kwanza na dawa nzito wiki ya mwisho. Aidha, kipimo cha mtoto hufuata uzito wake. Kilo zikiongezeka, dozi ya mwaka jana hubana kama shati la mwaka jana. Ni lazima arudi kliniki apimwe upya, hata kama anaonekana mzima.

Nije kwenye likizo, ambayo ndiyo iliyonipa kichwa cha makala haya. Shule zikifungwa, watoto wetu hupelekwa mashambani. Utaratibu wote hubadilika: saa za kulala, saa za kula, na mtu anayesimamia. Mpwa wangu alipokwenda kwa nyanya yake kwa mara ya kwanza akiwa na dawa, mama yangu aliniuliza, "Mwanangu, malaria hutibiwa kwa siku tatu. Ugonjwa gani huu usiokwisha dawa? Mtoto huyu mzima, mbona mnamlisha vidonge?"

Swali lake lilikuwa halali. Lilitokana na mafundisho yaleyale ya kumaliza dozi. Nami nilimwuliza kuhusu vidonge vyake vya shinikizo la damu, ambavyo humeza kila asubuhi kabla ya chai, miaka nenda miaka rudi, bila ya kuumwa na chochote. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Tangu siku hiyo pakiti ya mtoto hukaa kando ya pakiti yake kwenye rafu moja, na wawili hao humeza pamoja. Sijapata kuona ratiba madhubuti kuliko ile.

Sasa niwageukie walimu. Mzazi mmoja alinieleza kwamba alipoomba dawa ya mchana ya mwanawe ihifadhiwe shuleni, mwalimu mkuu wa shule hiyo, ambayo sitaitaja, alimjibu kuwa shule si zahanati. Ni kweli shule si zahanati. Lakini mtoto hukaa shuleni saa nyingi za mchana wake, na akiwa katika bweni hukaa kutwa kucha. Kinachotakiwa ni kabati lenye kufuli, daftari moja la kuandika tarehe na saa, na mtu mmoja aliyeteuliwa, pamoja na msaidizi wake siku asipokuwapo. Mlezi wa bweni anayekusanya dawa zote siku ya kufungua shule ajue ipi haiwezi kusubiri hadi kesho. Ajue pia kwamba kukosa usingizi huchochea kifafa. Mtahiniwa anayeamshwa saa kumi alfajiri kudurusu, baada ya kulala saa tano usiku, anaweza kuanguka hata kama dawa imo mwilini.

Tena mwalimu aitambue kazi ya dawa usoni mwa mwanafunzi. Mtoto anayesinzia darasani, au asiyeweza kutulia kitini, huenda si mvivu wala mtukutu. Fenobabitoni hufanya hivyo kwa baadhi ya watoto. Anayeduwaa kwa sekunde chache kisha akaendelea kuandika, mara kwa mara, huenda anashikwa na kifafa cha kimya. Mwalimu akiandika mambo hayo katika daftari na kumpa mzazi, daktari atapata habari ambayo hakuna mashine itakayompa. Na mwanafunzi akianguka mbele ya wenzake, alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumjeruhi, wala asitiwe kijiko wala kidole kinywani. Povu lake haliambukizi. Ikipita dakika 5 bila ya kukatika, apelekwe hospitalini mara moja. Darasa likifundishwa haya kabla ya siku hiyo, mtoto ataamka akute marafiki. Lisipofundishwa, ataamka peke yake. Na mtoto anayechekwa kwa ugonjwa wake ndiye huyo atakayekificha kidonge chini ya godoro ili aonekane kama wengine.

Utaratibu huvunjwa pia na mambo yaliyo nje ya uwezo wa nyumba. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100 tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017. Dawa hukosekana rafuni, barabara hufungwa, mshahara huchelewa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kiwe akiba: vidonge vya siku 10 visiguswe, na anayefikia akiba ahesabu kwamba dawa imekwisha. Kuhusu imani, sioni ugomvi baina ya sala na kidonge. Anayeombewa na aombewe, ila asiambiwe kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Siku ya kuacha dawa yaweza kufika, maana watoto wengi waliokaa angalau miaka 2 bila ya kushikwa hufikiriwa na madaktari wao. Lakini hukatwa kidogo kidogo, kwa miezi, chini ya jicho la daktari. Uamuzi huo haufanywi jikoni, madhabahuni wala katika basi la kwenda mashambani. Msichana anapobaleghe naye azungumze na daktari upya, kwani dawa nyingine, hasa valproeti, huweza kudhuru mimba.

Basi mzazi atoke kliniki akiwa na majibu manne yaliyoandikwa kwa lugha anayoisoma: dawa inaitwaje na ni ya miligramu ngapi, ni saa ngapi kwa saa ya Kiswahili, tufanye nini tukisahau moja au mtoto akitapika, na turudi lini. Mtoto mwenyewe, akifikia umri wa kusoma, ayajue majibu hayo kwa moyo. Wanafunzi wangu wa isimu nimewahi kuwapa zoezi la kuziandika upya bahasha za dawa kwa Kiswahili kisicho na utata, na walishangaa jinsi kazi ilivyo ngumu. Walimu wa Kiswahili wa shule za upili wanaweza kulitoa zoezi hilo kesho asubuhi.

Miezi 11 ilipopita bila ya kuanguka, mpwa wangu aliniuliza mezani, "Mjomba, kwani sijapona?" Nilimjibu kwa lugha, kwa kuwa ndiyo niliyo nayo. Kiswahili kina kupona kwa aina mbili: kuna kupona kwa aliyeondokewa na ugonjwa, na kuna kupona kwa aliyeepuka hatari, kama tunaposema abiria wameponea chupuchupu. Ule wa kwanza tunausubiri, na daktari ndiye atakayetuambia. Huu wa pili anao tayari, naye huupata upya asubuhi na jioni. Alifikiri kidogo, akatazama saa ukutani, akaenda kuchukua maji.